Mpiga picha, chagua jambo lako moja



Leo tuweke pembeni mbolea na viuatilifu, tuzungumzie kamera na simu. Kila kijiji sasa kina vijana wanaopiga picha kwa malipo, na karibu wote wanapiga kila kitu: harusi, kipaimara, mahafali, paspoti. Mimi nami kila Jumamosi nilikuwa kwenye sherehe, na fedha ile ilisaidia nyumbani.

Ila picha zangu za harusi hazikutofautiana na za mwingine yeyote. Picha ambazo watu walinifuata kuziomba ni za majani na wadudu. Nikaamua kushika hilo, sherehe nikawaachia wenye fani yao. Sikufichi, kipato cha Jumamosi kilishuka na mama watoto aliniuliza maswali. Lakini mshika mbili moja humponyoka.

Usidhani jani ni picha rahisi. Chukua muhogo. Batobato huonekana vizuri kwenye majani machanga, yanajikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi kahawia huanza kwenye majani ya chini yaliyokomaa, na muhogo unaweza kuwa mzima kwa nje, ukiukata ndani una uozo mkavu wa kahawia. Asiyejua hayo atapiga jani lisilohusika. Vivyo hivyo kiwavijeshi vamizi wa mahindi: picha isiyoonyesha alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyopangika kama mraba karibu na mkia haitamsaidia mkulima kumtambua.

Ninavyopiga:
1. Asubuhi, au kivulini. Jua la mchana hufuta rangi ya jani.
2. Picha tatu: shamba, mmea mzima, kisha sehemu iliyoathirika kwa karibu.
3. Jani nalipiga juu na chini, maana inzi weupe hukaa chini.
4. Naweka sarafu pembeni ili ukubwa wa mdudu ujulikane.

Faida imekuja taratibu. Wafanyabiashara wanaonunua muhogo ukiwa bado shambani sasa huniomba picha za mihogo iliyokatwa kutoka pembe zote za shamba kabla hawajatoa malipo ya awali. Mnunuzi hapati hasara, na mkulima mwenye muhogo safi hapunjwi bei.

Na wewe utaipataje fani yako? Jiulize: ni picha gani watu huniomba tena bila mimi kujitangaza? Na ni kitu gani nilikijua vizuri kabla sijashika kamera? Kama umekulia kwenye ng'ombe, piga mifugo ya mnadani. Unajua mnunuzi ataangalia kiwele na kwato. Kama unauza mchele, unajua punje zilizokatika zinashusha bei kiasi gani, basi piga nafaka. Ujuzi huo mwenye kamera ya bei kubwa hawezi kuununua dukani.

Anza na simu hiyo hiyo uliyonayo. Jani likikusumbua, lipige kesho asubuhi kwa utaratibu huo, unitumie tulitazame pamoja.