Alikuwa anasoma kitabu kilichopinduliwa

Najua nimepotea, wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, teh teh. Ni semina zimebana tu, halafu bumu hadi naandika hapa halijaingia.

Wiki hii kwenye semina tulifika kwenye mada ya wazazi wanaowafundisha watoto wao nyumbani. Mwenzetu mmoja akasimama akasema hayo ni mambo ya Masaki, watu wenye hela za kumlipa mwalimu aje na laptop hadi sebuleni, mtoto wa kijijini nani atamfundisha? Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Jioni nimekaa kimbweta najiuliza nilikuwa nacheka nini, maana huyo mwalimu wa nyumbani kijijini nilishakuwa mimi mwenyewe.

Kwetu ni Mandawa, wilaya ya Ruangwa, kule Lindi kwenye korosho na ufuta. Wengi wenu Ruangwa mnaijua kwa sababu ya Namungo tu, basi. Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu Majaliwa, ambaye kipindi hicho ndiye alikuwa mbunge wetu pia, alitangaza shule zifungwe siku 30 kwa ajili ya korona. Mimi nilikuwa kidato cha nne, bweni. Nikarudi nyumbani na tranka langu na godoro, akili yote iko kwenye mtihani wa Novemba. Zile siku 30 zikawa miezi mitatu na zaidi, sisi tulirudi shule tarehe 29 Juni.

Siku ya pili tu mama akaniambia, "Wewe si msomi? Mshike na mdogo wako huyu." Mdogo wangu wa mwisho nitamwita Somoe hapa, sio jina lake (ingawa kwetu akina Somoe wamejaa, ukiita sokoni wanageuka watano). Alikuwa darasa la tatu. Nikamwambia leta kitabu usome. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama, tena kwa mbwembwe, kidole kinatembea. Mama jikoni anatabasamu. Nikafungua ukurasa mwingine, akasoma ule ule wa kwanza. Nikadhani ananitania. Nikakichukua kitabu nikampa kimepinduliwa, picha miguu juu. Akaendelea kusoma.

Alikuwa amekariri. Miaka miwili na ushee ya kukaa darasani, na hakuna hata herufi kumi alizokuwa anazitambua zikisimama peke yake. Sitaji shule wala mwalimu, na kusema kweli sijui kama ni haki kumlaumu mwalimu mwenye watoto wote wale mbele yake. Na sisi nyumbani je? Tulikuwa tunasikia sauti tunafurahi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Uwezo, wale waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuanzia 2010 kuwapima watoto, walikuta watoto wengi sana wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi fupi ya darasa la pili. Kwa hiyo Somoe hakuwa peke yake. Lakini siku ile nilimwona yuko peke yake kabisa, amekishika kile kitabu, ananiangalia usoni ajue kama amepatia.

Nilianza vibaya. Nilichora herufi kwa mkaa kwenye mlango, nikachukua na fimbo kama nilivyofundishwa mimi. "Hii nini? Em. Hii nini? A. Zikikaa pamoja?" Ananijibu "ema". Nafoka. Siku ya nne alikimbia, tukamtafuta hadi jioni, tukamkuta amejilaza katikati ya ufuta wa jirani, amelala usingizi, machozi yamekaukia shavuni. Mama hakunigombeza. Alichukua fimbo yangu akachochea nayo moto.

Aliyeniokoa ni bibi. Bibi yangu kusoma alijifunza ukubwani, enzi zile za elimu ya watu wazima, baada ya Mwalimu Nyerere kuufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo. Walikuwa wanakaa chini ya mwembe jioni wakitoka shamba, wengine na watoto mgongoni. Akaniambia, "Mjukuu wangu, sisi hatukuambiwa em. Tulianza na maneno ya shamba, tunalikatakata, kila kipande unakisikia mdomoni." Akapiga makofi: ko, ro, sho. Makofi matatu. Nilisikia hasira kidogo, mimi wa kidato cha nne nafundishwa ualimu na bibi! Leo nakaa Mlimani hapa nasoma kwa maneno marefu kwamba mtoto huanza na sauti, sio jina la herufi, na kwamba Kiswahili kinarahisisha kazi kwa kuwa tunaandika kama tunavyotamka. Bibi alikuwa ameshamaliza hiyo kozi.

Tukahamia shamba. Mtama ulikuwa unakaribia kukomaa, na kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Kule juu ya dungu ndiko darasa lilikokuwa. Asubuhi nusu saa, sio zaidi, jioni nusu saa. Katikati hapo ni kupiga kelele na kurusha mawe. Ma, me, mi, mo, mu. Kisha mama, mimi, mume. Ta, mtama. Kila neno lazima awe analiona au analila. Kuhesabu tulitumia korosho za akiba za bibi, ambazo zilipungua kila siku, na mpaka leo mhusika hajakiri. Vipindi vya redioni vilikuwepo, serikali iliviweka, lakini vilikuwa vinampita kasi, na betri zenyewe za kuombana.

Hadi shule zinafunguliwa alikuwa anasoma sentensi fupi ambayo hajawahi kuiona. Maneno kama "ng'ombe" na "mbwa" yalikuwa yanamtoa jasho. Siku moja alisoma maandishi kwenye mfuko wa sumu ya korosho, pole pole, "ha-ta-ri", akaurusha mfuko. Nilicheka, halafu nikashika kichwa, maana kila siku alikuwa anachezea mifuko ile.

Kwa hiyo wale mlioniuliza jinsi ya kuanza kumfundisha mtoto nyumbani, mimi ratiba na vitabu naviweka nyuma. Vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Anza kwa kumpa ukurasa ambao hajawahi kuuona, halafu nyamaza usikilize. Na simwambii mtu amtoe mwanae shule. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na ahakikishe anahudhuria, na mtihani wa darasa la saba anafanyia shuleni, sio juu ya dungu.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Somoe alimaliza darasa la saba 2024, akafaulu, 2025 akaingia kidato cha kwanza. Jumapili nilimpigia simu, nikamwambia nisomee basi notisi zako za Baiolojia. Akasoma. Kiingereza kinateremka vizuri, bila kukwama, kwa mbwembwe zile zile. Nikamuuliza, "Hapo wanasema nini?" Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, sijui, ila nimeshika yote."

Wadau, nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Na kitabu safari hii hakijapinduliwa.

Tumekubaliana kila usiku saa tatu, kupitia simu ya mama, dakika ishirini. Ananitumia sentensi moja kwa sauti, namrudishia kwa Kiswahili, halafu naye ananieleza kwa maneno ya nyumbani. Jana tulifanya mmea unavyotengeneza chakula, akaniuliza kama mkorosho nao unafanya hivyo usiku. Swali zuri, nimemwambia ajibu mwenyewe leo. Bumu likiingia namnunulia kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, naituma na basi la kusini. Mwenye iliyotumika anistue, mfuko wangu mnaujua. Saa tatu hiyo inakaribia, ngoja nitafute chaji.