Nguzo Fupi Niliyoionea

Jengo sitalitaja, wala mwenyewe. Mhuri uliogongwa kwenye michoro ni wangu, na kosa ni langu.

Lilikuwa jengo la madarasa mkoani Kagera, kwenye mteremko. Nililisanifu baada ya tetemeko la 10 Septemba 2016 lenye ukubwa wa 5.9, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikuwaza matetemeko. Niliyawaza. Nilikokotoa nguvu ya mlalo, ile inayosukuma jengo ubavuni, nikapata kilonyutoni 120 kwa kila fremu pale chini. Nilichokosea ni kuigawa.

Kila fremu ilikuwa na nguzo nne za milimita 300 kwa 300. Kwa kuwa ardhi inapanda, urefu wake ulipishana: mita 4.0, 3.3, 2.6 na 1.9. Nikatumia njia ya mkato tuliyofundishwa chuoni, inayozipa nguzo za ndani mara mbili ya zile za pembeni. Za pembeni zikapata 20 kila moja, za ndani 40. Jumla ikatimia, nikachora. Njia yenyewe haina ubaya, ila huchukulia kwamba nguzo zote za ghorofa moja zinalingana urefu. Hilo nililijua. Lakini nilianza na mchoro wa kazi nyingine, wenye ardhi tambarare, nikausahau mlima nilioupanda kwa miguu yangu.

Fundi mkuu ndiye aliyenishtua, akiwa anafunga nondo na ringi, zile nyembamba zinazozizunguka. "Injinia, hii fupi ringi zake zimepishana sentimita ishirini, sawa na ile ndefu?" Nikamjibu, "Fuata mchoro, mzee." Usiku nikarudi kwenye hesabu.

Boriti na slabu ya juu husogea kwa pamoja. Zikienda milimita tano, vichwa vya nguzo zote nne vinakwenda milimita tano. Nguzo ndefu hupinda bila taabu. Fupi hugoma, na kadiri inavyogoma ndivyo inavyobebeshwa. Nguzo zenye unene mmoja zikiwa zimeshikwa barabara juu na chini, ukiupunguza urefu kwa nusu, ukakamavu unapanda mara nane. Nilipogawa upya, ile ndefu kabisa ilipata kilonyutoni 8 hivi, zilizofuata 14 na 28, na ile fupi 71. Mimi nilikuwa nimeipa 20. Tena nguzo fupi yenye ringi chache haitoi onyo kwa kupinda taratibu: hupasuka kimshazari ghafla, na uzito wote iliokuwa imeubeba hukosa pa kukaa.

Kosa la pili nililifanya nikidhani narekebisha. Nikainenepesha nguzo ile hadi milimita 400 kwa 400. Uwezo wake ukaongezeka, ndiyo, lakini ukakamavu ukaongezeka zaidi ya mara tatu, na mzigo wake ukapanda hadi 99 hivi. Fremu nzima ikawa imesimamia mguu mmoja.

La tatu ndilo linaloniuma. Nilinyamaza. Zege la nguzo fupi likamwagwa nikiwa najua, huku nikijifariji kwamba tetemeko jingine huenda lisije. Nilipomweleza mwenye jengo, kazi ilikuwa imesonga. Tulijenga kuta mbili za zege zenye nondo na msingi wake, moja kila mwisho wa jengo, zibebe sehemu kubwa ya nguvu ile. Tuliziweka pande zote mbili makusudi, maana ukuta mmoja ungelifanya jengo lijizungushe likisukumwa. Gharama ilikatwa kwenye malipo yangu, na ilikuwa haki.

Wala hatari ya nguzo fupi haikuwa jambo geni. Tetemeko la Tokachi la mwaka 1968 lilipasua nguzo fupi za shule kadhaa Japani, na mwaka 1971 kanuni za huko zikataka ringi zisogezwe karibukaribu. Somo lile linahusu hata viwanja tambarare. Darasa lenye nguzo ya mita 3, ukijaza tofali chini ya dirisha hadi mita 1.5 na kuzibana na nguzo, umeifupisha nguzo hiyo kwa nusu, hata kama mchoro unaonyesha mita 3. Dawa ni kuacha upenyo kati ya ukuta na nguzo, uliojazwa kitu laini, au kuisanifu nguzo kama fupi tangu mwanzo na kuifunga ringi za karibu juu hadi chini.

Madirisha ya namna hiyo nimeyachora mengi kabla ya Kagera, na upenyo sikuacha. Nimewaandikia wenye majengo hayo niwakagulie bure. Baadhi wamenijibu. Wengine bado, na watoto wanasoma humo.