Bei ya Aliye Benchi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini yuko mtu asiyeweza kujiuza wala kujitembeza, naye ni mchezaji aliyekalishwa benchi. Hali hiyo huonekana waziwazi katika futiboli ya Kimarekani, ambako mrushaji mkuu, yule anayeupokea mpira na kuamua umwendee nani, huwa mmoja tu uwanjani. Wa akiba hujifunza mbinu zote, huvaa jezi, kisha husimama kando ya mstari akitazama. Heri yake, atake asitake, i katika shari ya mwenzake.

Mwaka 1991 timu ya Atlanta ilimchagua Brett Favre, kijana wa Mississippi, akiwa wa 33 miongoni mwa wachezaji waliotoka vyuo vikuu. Msimu mzima alirusha mipira 4 tu katika mechi za ligi. Hakuna hata mmoja uliodakwa na mwenzake. 2 ilidakwa na wapinzani. Kwa hesabu ya daftari, bidhaa hiyo ilikuwa imekwisha kuoza. Hata hivyo, Februari 1992, Ron Wolf, meneja mpya wa Green Bay, aliinunua kwa bei kubwa: haki ya kuchagua chipukizi katika duru ya kwanza.

Bei hiyo haikuwa fedha. Kila mwaka timu za ligi hiyo huchagua kwa zamu vijana wa vyuoni, na zamu yenyewe ni mali ya kuuzwa na kununuliwa. Basi Atlanta ilimtoa mtu ambaye ilikuwa haijamjaribu, ikapokea ahadi ya mwingine. Wolf, kwa upande wake, alikuwa amemtupia jicho kijana huyo tangu alipokuwa akiwatumikia New York Jets, waliokuwa na zamu iliyofuata ile ya Atlanta. Muuzaji alisoma kile mtu alichokifanya. Mnunuzi alisoma kile ambacho mtu hakupewa nafasi ya kukifanya.

Tarehe 20 Septemba 1992, Don Majkowski, mrushaji mkuu wa Green Bay, aliumia kifundo cha mguu. Favre akaingia, na zikisalia sekunde 13 akarusha pasi ya bao iliyowapatia ushindi wa 24 kwa 23 dhidi ya Cincinnati. Tangu juma lililofuata hadi Desemba 2010 alianza mechi 297 za ligi mfululizo, na Januari 1997 Green Bay wakatwaa ubingwa. Majkowski hakuirudia tena nafasi yake katika timu hiyo.

Nyuma ya mtu asiyekosa mechi, wa akiba hana la kungoja. Mwaka 1995 Green Bay nayo ikawa muuzaji, ikampeleka Mark Brunell Jacksonville. Katika msimu wa 1996 Brunell aliifikisha timu hiyo changa hatua moja tu kabla ya fainali. Mwaka 2005 akaja Aaron Rodgers, akangoja misimu 3. Mwaka 2008 aliyeuzwa alikuwa Favre mwenyewe, na walionunua ni wale wale New York Jets.

Subira huvuta heri, na hawa waliivuta hadi ikawafikia, kila mmoja kwa mlango wake. Lakini wangapi waliketi vivyo hivyo, mkono ukiwa mzima na mbinu zote kichwani, wakastaafu na jezi zisizo na tope? Daftari huhesabu mipira iliyorushwa. Isiyorushwa haina safu yake.