Jicho la Juu na Mkono wa Chini

Ziwa ni kubwa kuliko macho ya mtu. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Ni nani awezaye kulizunguka lote akipima usafi wa maji yake? Mwaka 1865 padre Angelo Secchi wa Italia alijaribu baharini kisahani cheupe, akikishusha majini mpaka kikatoweka machoni. Njia hiyo ingali yatumika, lakini kisahani hutoa habari za mahali pamoja tu.

Siku hizi, msomaji wangu, ziwa hutazamwa kutoka juu. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupiga picha ya mahali pale pale kila baada ya siku tano hivi. Mawingu yakiziba, droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, huruka chini yake. Vyombo hivi husoma rangi. Mwani una klorofili, ambayo hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha wa kijani. Kwa hiyo maji yaliyojaa mwani hayajifichi.

Wanafunzi wangu huniuliza, "Mwalimu, kama chombo chaona yote hayo, chupa ya kuchotea maji ni ya nini?" Swali hilo lastahili jibu. Rangi yatuambia kuwa mwani upo. Haituambii kama una sumu. Katika Ghuba ya Winam, karibu na Kisumu, maji taka na mbolea ya mashamba huulisha mwani. Baadhi yake hutoa sumu iitwayo mikrosistini, nayo haiondoki kwa kuchemsha maji. Mama mwangalifu aliyechemsha maji ya ziwa aweza kuwanywesha wanawe sumu bila kujua. Picha ya angani haiwezi kumhakikishia usalama. Sharti mtu aingie mashuani, ajaze chupa, na maji yapimwe maabara.

Basi usikidharau chombo, wala usikiabudu. Jicho la juu laonyesha pa kwenda. Mkono wa chini wathibitisha kilichopo. Na vyote viwili ni bure habari zikilala ofisini. Huenda kesho wewe ndiwe utakayeirusha droni hiyo. Ukiisha kuyapima maji, shuka ufukoni ukawaambie watekao, kwa lugha waielewayo, kabla ndoo hazijajaa.