Wikiendi Sheffield na Gari la Kizamani

Ukisema unaenda Uingereza, kila mtu atakuuliza habari za London. Haya, London nenda, piga picha zako, halafu panda treni pale stesheni ya St Pancras. Baada ya saa mbili hivi mnashuka Sheffield, mji wa chuma. Hapa ndipo Harry Brearley alipotengeneza chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, kwa hiyo hata kijiko unachokorogea chai asubuhi kina undugu na mji huu.

Wapenda magari ya kizamani wanaujua Sheffield kwa jambo jingine: ovadraivu. Kifaa hiki kilibuniwa na Edgar de Normanville, kampuni ya Laycock ikakitengeneza hapa, na gari la Standard Vanguard likaanza kufungwa nacho mwaka 1948. Baadaye wakafuata Triumph, Austin-Healey, Volvo na MG. Enzi zile gari la kawaida lilikuwa na gia nne tu, wakati barabara zilianza kuwa ndefu na pana. Kipande cha kwanza cha barabara kuu ya M1 kilifunguliwa mwaka 1959, na ukikimbia huko kwa gia ya nne, injini inalia mwanzo mwisho.

Sasa uzuri wake ni huu. Chukua MGB inayokwenda kilomita 112 kwa saa, mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwenye M1. Kwa gia ya nne injini inazunguka kama mara 3,900 kwa dakika. Ukibonyeza swichi ya ovadraivu, inashuka hadi kama 3,200, mwendo ukiwa ule ule. Mafuta yanaliwa kidogo, kelele inapungua, na ninyi wawili mnaweza kuongea bila kupayuka. Kwenye gari la wazi hiyo si habari ndogo!

Mimi na mchumba wangu, ambao kazi imetuleta huku, tuna MGB ya mwaka 1972. Tulikuwa njiani kuelekea Sheffield ovadraivu ilipogoma. Gereji ya kwanza tuliyoingia, fundi alisikiliza dakika mbili, akatingisha kichwa: lazima injini na gia boksi vitoke pamoja, kifaa kifunguliwe chote. Kuhusu kutoa injini hakudanganya, maana kwenye MGB ovadraivu imejificha nyuma ya gia boksi na haitoki peke yake. Lakini bei aliyotaja ilikaribia akiba yetu yote ya harusi. Mwenzangu akasema gari liuzwe. Mimi nikasema basi harusi isogezwe. Si mnajua wenyewe? Kelele iliyofuata haikutoka kwenye injini.

Tulifika Sheffield tumenuniana. Kesho yake tukapata fundi mzee, mikono myeusi kwa oili, anayeshughulika na vifaa hivi tu. Swali lake la kwanza: "Umeme mmepima?" Akawasha funguo bila kuwasha injini, akaweka gia ya nne, akabonyeza swichi, akatega sikio. Kifaa kizima hutoa mlio mdogo, "tik". Hapa kimya. Akacheka. Maana yake umeme haufiki kwenye solenoidi, ile sumaku ya umeme inayofungua njia ya oili. Bila hiyo, hata ovadraivu mpya kabisa isingeshika.

Akaanza na fyuzi, akafuata waya kwa taa ya kupimia hadi karibu na gia boksi, ambako kuna swichi ndogo inayozuia ovadraivu isiingie gia za chini. Kiungio cha waya kilikuwa kimeliwa na kutu ya kijani. Akakikwangua, akakibana upya. Tik! Nilimwangalia mwenzangu, naye akaangalia viatu vyake, anacheka chini chini.

Mzee hakuishia hapo, akafanya na sevisi. Kwanza aliibonyeza ile swichi mara kumi na kitu ili presha ya oili iishe, kwa sababu mle ndani presha ni kubwa na inaweza kukuumiza. Akamwaga oili, akafungua kifuniko cha chini, akaosha filta na kufuta unga wa chuma kwenye sumaku. Oili ya gia boksi ndiyo hiyo hiyo ya ovadraivu. Kwenye MGB hutumika oili ya injini ya 20W50. Dawa za kuongeza utelezi usitie, kwani ndani kuna klachi ya koni inayotakiwa kushika, siyo kuteleza. Na kamwe usirudi rivasi huku ovadraivu imeshika. Hapo ndipo kifaa huvunjika kweli, na hiyo bei ya kutoa injini unailipa kwa haki.

Gari likiwa zima, msiishie mjini. Shikeni barabara ya A57 kuelekea magharibi, mpite bwawa la Ladybower, kisha mpande Snake Pass, yenye urefu wa mita 512 hivi juu ya usawa wa bahari. Kona juu ya kona! Hapa ovadraivu kwenye gia ya tatu inakupa nguvu iliyo katikati ya tatu na nne, na mnapanda bila kuhangaika. Mko ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1951. Ulizieni kwanza hali ya barabara, maana theluji na maporomoko huifunga mara kwa mara. Mkirudi mjini, pitieni makumbusho ya Kelham Island mkaone injini ya mvuke ya mwaka 1905 yenye nguvu za farasi 12,000.

Harusi yetu tarehe iko pale pale, na gari tunalo. Nanyi mkija na gari la kizamani, bebeni fyuzi za akiba na taa ya kupimia umeme, vitu vya bei ya chakula cha mchana. Na fundi akiwatajia bei ya kutisha, kabla hamjagombana, mwambieni awashe funguo, abonyeze swichi, mkasikilize wote.