Kiti cha Kukunja

Nyuma ya nyumba yangu hapa Lusenda nina meza ya useremala. Kijana akija kujifunza, kazi ya kwanza ninayompa ni kiti cha kukunja.

Kinaomba vitu kidogo: fremu mbili za mbao, moja nyembamba ili iingie ndani ya nyingine, bolti mbili, na turubai ya kukalia. Mbao mbichi achana nayo. Ikikauka inapinda na viungo vinalegea. Pima matundu manne ya bolti sawasawa, kama sivyo kiti kitayumba. Ukikikalia, miguu inataka kufunguka, turubai inaizuia. Basi turubai ikunjwe mara mbili.

Sisi watu wa Fizi tunajua kukimbia. Mwaka 1996 wengi walivuka ziwa mpaka Kigoma, wakafika kambi ya Nyarugusu. Warundi nao walikuja kwetu, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa mwaka 2015. Mkimbizi anaacha kabati na kitanda, lakini ufundi anavuka nao.

Akila na Prisila walifukuzwa Rumi, lakini kule Korintho walikuwa na kazi ya kushona mahema, hata Paulo akapata kazi kwao (Matendo 18:1-3).

Kijana, kama unataka kwenda Misisi kutafuta dhahabu, sikukatazi. Lakini shimo linakwisha. Jifunze kwanza kitu chenye hakuna mtu anaweza kukunyang'anya njiani. Ukija kwangu, leta mbao kavu.