Mwana wa nyumbani ni nani?

Wiki hii nimeletewa kwenye simu rasimu ya katiba mpya ya chama chetu, chama cha wanavyuo na wahitimu tunaotoka wilaya za Ngara na Biharamulo. Kurasa 11, ina nembo na kila kitu. Nimeisoma yote ndani ya daladala nikitoka kazini (mhariri wangu angefurahi kama ningekuwa nasoma hotuba za bajeti kwa umakini ule!). Sina ugomvi na ada mpya, wala na wazo la kufungua akaunti benki. Nimekwama kwenye kipengele kimoja, kwenye sifa za mwanachama. Kinasema mwanachama awe mtu mwenye "maadili yanayokubalika katika jamii yetu".

Msomaji wa mbali utauliza, sasa hapo pana ubaya gani? Nani hapendi maadili? Ila sisi tuliokuwepo mwaka 2018 tunajua kipengele hicho kimeandikwa kwa sababu ya nani. Ndiyo maana nimeamua kuyasema haya kabla ya mkutano, maana mkutanoni mtu hupewa dakika tatu na mwenyekiti anaangalia saa.

Kwa wale ambao hamkupitia vyama vya namna hii, nieleze kidogo. Unatoka Rulenge au Nyakahura, umefaulu, unafika Dar na begi moja, hujui pa kulala. Chumba cha hosteli hujapata na boom halijaingia. Anayekupokea ni mtu wa chama. Unabebwa, yaani mnalala wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, kichwa chake miguuni kwako, mpaka mambo yako yakae sawa. Ukipata sapu, kuna wa kukufundisha. Likizo mnapanda basi moja, mnapita Kahama, mnafika Nyakanazi mmechoka, Lusahunga mnaagana na wa Biharamulo, ninyi wa Ngara mnaendelea kuelekea Benaco. Na ukifiwa, chama kinakuja. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote.

Wamarekani nao wana ya kwao. Vyuoni kwao kuna vyama vya udugu vya wanaume na vya wanawake, vinaitwa kwa herufi za Kigiriki. Wanakaa nyumba moja, wanaapa, wanaitana kaka na dada mpaka uzeeni, na wanapeana kazi. Historia yake ni historia ya nani aingie na nani abaki nje. Wanafunzi weusi walipokuwa hawapewi nafasi, mwaka 1906 vijana saba pale Cornell wakaanzisha Alpha Phi Alpha. Mwaka 1986 mjini Washington ikaanzishwa Delta Lambda Phi, kwa ajili ya mashoga na wengine wasiokuwa na kinyongo nao. Miaka iliyofuata, wale waliokuwa ndani ya vyama vikongwe wakiishi kwa kujificha wakaanza kujitokeza. Mwaka 1998 kikatoka kitabu kizima cha simulizi zao, Out on Fraternity Row.

Nimevutiwa zaidi na kesi mbili za huko. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Marekani iliiruhusu Boy Scouts kumtoa kiongozi wao kwa kuwa ni shoga, kwa hoja kwamba chama binafsi kina haki ya kuchagua watu wake. Mwaka 2023 huko Wyoming, wanachama kadhaa wa Kappa Kappa Gamma walikishtaki chama chao kwa kumpokea mwanafunzi aliyezaliwa mwanamume na anayeishi kama mwanamke. Jaji akatupilia mbali kesi, akasema mahakama haiwezi kukiamulia chama cha hiari nani awe mwanachama. Hoja ni ileile, mara ya kwanza imemtoa mtu, mara ya pili imemwingiza mtu. Kwa hiyo jaji hatatusaidia. Swali linarudi kwa wanachama wenyewe, wamekaa kwenye viti vya plastiki, wananyoosha mikono.

Turudi kwetu, 2018. Mweka hazina wetu alikuwa kijana wa Biharamulo. Hata kumwita kwa herufi ya kwanza ya jina lake sitaki. Alikuwa mpole, nguo zake zimepigwa pasi muda wote, na daftari lake la mahesabu lilikuwa halina hata shilingi inayoning'inia. Kila mwisho wa mwezi alitutumia mapato na matumizi bila kuombwa. Nyie mnaojua vyama vya wanafunzi mtakubaliana nami kwamba huyo ni mtu adimu!

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga na akataka wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilisema ule ulikuwa msimamo wake binafsi, Serikali haikuwemo. Lakini moto ulikuwa umeshawaka kwenye simu za watu. Kila aliyekuwa na kisa na mwenzake alipata pa kukipeleka. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu akaandika kwamba mweka hazina "ana tabia zile". Hapakuwa na ushahidi, wala hakuna aliyelalamika kwamba amefanyiwa jambo lolote. Palikuwa na sauti yake laini, na rafiki yake mmoja aliyekuwa akimtembelea.

Kikaitwa kikao. Dada mmoja wa mwaka wa tatu, mwanasheria mtarajiwa, akasimama na katiba ya zamani mkononi. "Ndugu Mwenyekiti, naomba unionyeshe kifungu." Kifungu hakikuwepo. Katiba ilisema mtu anapoteza uanachama kwa kutolipa ada, kwa wizi, na kwa kupigana. Kikao kikavunjika bila kura. Usiku ule likafunguliwa kundi jipya la WhatsApp, wakahamishwa watu wote isipokuwa yeye, yule dada, mimi na mwenzetu mwingine mmoja. Hakuna aliyemfukuza mtu. Nyumba ilihama, yeye akaachwa kwenye kiwanja.

Mwisho wa mwezi, kama kawaida yake, alituma mapato na matumizi kwenye kundi la zamani. Tulikuwa tumebaki wanne. Kisha salio lote akamtumia mwenyekiti kwa simu, na makato ya kutuma akayalipa yeye.

Sasa kuna wanaosema mimi natetea kuvunja sheria. Sheria naijua. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo, na adhabu yake haipungui miaka 30 jela, inaweza kufika kifungo cha maisha. Lakini hata kifungu kikali namna hiyo kinadai mashtaka, ushahidi, na mtu apewe nafasi ya kujitetea. Hakimhukumu mtu kwa sauti, kwa mwendo wala kwa rafiki. Kipengele chetu kipya kinafanya hivyo. Kinachukua umbea na kuupa mhuri.

Majirani zetu Wakenya wana sheria inayofanana na yetu, na bado tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu yao, majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema kulikatalia usajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji ulikuwa ubaguzi. Sheria ya makosa waliiacha palepale. Walichosema, kwa lugha yangu, ni kwamba haki ya mtu kujiunga na wenzake haifutiki kwa sababu tu wengi hawapendi alivyo. Uganda mwaka huohuo ilikwenda upande mwingine kabisa, ikatunga sheria yenye hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba Waafrika tuna jibu moja. Tuko kwenye mjadala, na mjadala ni wetu.

Halafu tuulizane, sisi watu wa Ngara na Biharamulo ndio wa kuwauliza wenzetu kama "wanakubalika"?

Nani asiyejua yanayompata Mhangaza anapokwenda kuomba pasipoti? Kihangaza na Kirundi vinasikilizana, basi ukifungua mdomo tu unaulizwa babu yako alizaliwa wapi, na mwenyekiti wa kijiji alete barua. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili kuondoka, na Septemba ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwemo waliolia kwamba wao ni Watanzania, wamezaliwa hapa, wameoa hapa. Nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka jinsi watu wazima walivyoanza kupimana kwa pua, kwa urefu, kwa lafudhi. Jirani alitosha kuwa shahidi, na jirani mwenye kisa cha mpaka wa shamba alitosha zaidi.

Tena ni watu walewale ambao mwishoni mwa Aprili 1994 waliona Wanyarwanda wapatao 250,000 wakivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24. Mama yangu hachoki kusimulia. Siifanyi hadithi ya malaika. Miti iliisha, visima viligombewa, waliokimbia kifo walichanganyika na waliokisababisha, na Desemba 1996 Serikali iliwarudisha. Lakini usiku wa kwanza mama anasema alitoa sufuria ya maharage kwa watu ambao hakujua hata majina yao. Tabia zao hakuziuliza.

Najua hoja za upande wa pili na siziiti za kijinga. Wazazi wetu ni watu wa misa ya asubuhi na wa swala, nao wangeumia. Wengine wanaogopa chama kitaandikwa vibaya na msajili. Wengine imani yao inawaambia ni dhambi, na hiyo ni haki yao. Ila chama hiki hakikuwahi kuwa jumuiya ya ungamo. Tuna wazinzi waliokubuhu, tuna walevi, tunao waliotelekeza watoto, na wote wanapewa rambirambi. Tena palikuwa na kaka mkubwa aliyejulikana kwa kuwasumbua mabinti wa mwaka wa kwanza mpaka wengine wakaacha kuja mikutanoni. Yeye hakuitiwa kikao hata kimoja. Huyo ndiye aliyekuwa hatari kwa wanachama.

Basi pendekezo langu ni hili. Kipengele cha "maadili yanayokubalika" kifutwe. Mahali pake yaandikwe matendo: wizi, kupigana, kumlazimisha au kumsumbua mwenzako kimapenzi, awe wa jinsia yoyote, na kueneza uvumi wa kumwangamiza mwanachama. Anayetuhumiwa aelezwe tuhuma kwa maandishi na asikilizwe.

Mwaka uliofuata baba wa mweka hazina alifariki. Chama hakikutoa tangazo wala mchango. Tulikwenda watatu, tukafika Biharamulo usiku tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mama yake alitupokea mlangoni, tukamwamkia, akatuangalia mmoja mmoja kisha akaangalia nyuma yetu. Mwanawe alikuwa amemweleza kwa miaka miwili juu ya wenzake wa chuo, jinsi walivyo wengi.

"Na wenzenu?" akauliza.

Dada yule wa sheria akamjibu, "Wanakuja, mama."

Mkutano ni Jumapili ijayo, saa nane mchana. Wenye nauli tufike mapema.